Miaka Thelathini ya Nyuzi Zilizopaa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mpiga gitaa mliyemjua kwa jina la Chuma. Chuma alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Alipiga gitaa miaka thelathini, bendi moja, ukumbi mmoja.

Kabla ya kuja hapa nilimuuliza mjane wake, kuna jambo tusilitaje? Akasema, "Semeni yote. Yeye hakuwahi kumsitiri mtu."

Basi tuseme.

Jina la Chuma lilitokana na vidole. Gitaa lake nyuzi zilikaa juu mno ya shingo. Kalamu ilipita chini yake bila kugusa. Kuzibonyeza ilikuwa shughuli pevu. Mpiga gitaa mgeni akija ukumbini, Chuma alimkabidhi: "Jaribu, bwana." Mgeni akabonyeza, akakunja uso, akarudisha. Chuma akamwambia mbele za watu, "Hiyo mikono ni ya kufulia soksi." Ukumbi ukacheka.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, lile halikuwa gitaa gumu. Narudia, halikuwa gitaa gumu. Lilikuwa gitaa zuri lisilowekwa sawa. Alilitengeneza mwenyewe, kwa bisibisi yake na ubishi wake, na kila alipoligusa alilizidishia ubaya.

Na fundi alikuwepo. Tena si wa kutafutwa. Alikuwa dada yake mdogo, wa tumbo moja. Baba yao, seremala, aliwafundisha wote wawili. Kaka hakuwa na subira. Dada alikuwa nayo. Akafungua karakana mitaa mitatu tu kutoka kwa kaka yake, na watu wakatoka mbali kumletea magitaa.

Dada huyo alimfuata kaka yake mara moja. Jumamosi alasiri, bendi ikijipanga, akaingia ukumbini na mkoba wa vifaa.

"Kaka, nipe saa moja nikurekebishie hiyo shingo. Unajiumiza bure."

Chuma aliwatazama wenzake kwanza, ndipo akamjibu. "Gitaa si sufuria, mama. Nenda kasugue."

Bendi ilicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Tangu siku hiyo dada akaitwa Sufuria. Mtu akipotea njia na gitaa begani, alielekezwa "kwa Sufuria". Mwishowe mwenyewe alichukua rangi nyekundu, akaliandika jina hilo juu ya mlango.

Miaka ikaenda. Mwaka jana vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Chuma vikagoma kunyooka. Daktari akavigeuza, akauliza, "Mzee, unapasua mawe?" Chuma akarudi nyumbani, akaamua kuteremsha nyuzi. Mwenyewe, bila shaka. Akashika tupa, akachimba vile vijia vinavyoshika nyuzi, kwenye kipande cha mfupa kule mwisho wa shingo. Akachimba, akapitiliza, nyuzi zikagusa shingo. Gitaa likawa linavuma kama nzi ndani ya chupa.

Kiongozi wa bendi alimvumilia wiki mbili. Ya tatu akamwambia mbele ya wote, "Mzee, sasa pumzika." Kuna waliocheka. Walikuwa wale wale.

Mkewe alilibeba gitaa kwa wifi yake. Akarudi nalo kama alivyokwenda. "Kasema uende mwenyewe. Na upange foleni."

Akaenda, mke nyuma yake. Akakaa kwenye benchi, watu wanne mbele. Zamu yake ikafika.

"Shida nini?" akauliza dada.

"Si unaiona?"

"Hapa mteja anasema. Na hawa wengine wasikie."

Chuma akatazama sakafu. "Limeharibika."

"Limeharibiwa na nani?"

"Na mimi."

Dada akalilaza mezani. Akaweka kipande kipya cha mfupa pale mwisho wa shingo. Akazungusha skrubu inayoinyoosha shingo, robo mzunguko. Akazipa nyuzi kimo chake, akazilinganisha sauti. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Kaka akanyoosha mikono apokee. Dada akampa wifi yake.

Mjane anasimulia: "Sijawahi kupiga gitaa maishani. Nilibonyeza kidogo tu, kama kengele ya mlango. Likalia vizuri. Nikamtazama mume wangu. Miaka yote ananiambia nina mikono laini."

Dada akamalizia. "Robo mzunguko, kaka. Hivyo vidole vingekuwa vizima leo."

Chuma hakulipiga tena gitaa hilo. Aliishi miezi minane, akivikanda viganja vyake dirishani. Na jirani akimuuliza mbona kimya, alijibu, "Sufuria aliliharibu." Alimwambia kila aliyepita. Magitaa yakapungua karakanani, benchi likabaki tupu.

Siku ya mazishi bendi nzima ilikuja. Jeneza likiwa uani, dada aliingia ndani, akatoka na gitaa. Akamkabidhi kiongozi wa bendi. "Piga." Kiongozi akasita, akapiga. Sauti ilitoka safi, kila mmoja akaisikia. Waombolezaji wakatazamana. Dada akalichukua, akalirudisha ndani, akakaa.

Nilimuuliza, mama, kwa nini siku ya msiba?

Akasema, "Siku hiyo ndiyo walikuwepo wote."

Nikamuuliza kama hakumhurumia kaka yake hata kidogo.

"Nilimhurumia. Siku ile nilipokwenda ukumbini na mkoba wangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane. Tunawapa pole wanabendi, waliopiga naye miaka thelathini. Tunampa pole dada, ingawa ameniagiza niseme hazihitaji. Nami nazitoa hivyo hivyo, kwa kuwa aliponiambia hayo alikuwa ameshika kitasa cha mlango na kwa uchungu hakuweza kukizungusha.

Wewe unayetusikiliza, kuna mtu wako aliyewahi kukujia na ujuzi wake mkononi. Fikiri ulimjibu nini, na kina nani walicheka. Kama bado yu hai, nenda kwake leo. Ukikuta benchi limejaa, kaa upange foleni.