Mhandisi Deogratius na Onyo la Maji ya Moto

Ndugu waombolezaji, marehemu Mhandisi Deogratius Laurenti alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Ngombezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, mtoto wa tatu wa mzee Laurenti, na tangu utotoni alikuwa mbishi, akiambiwa jambo limekwisha ndipo analianza.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari Korogwe, akahitimu uhandisi mwaka 2006, akaajiriwa Korogwe kwenye ofisi ya wachora majengo, na tarehe 20 Septemba 2008 alifunga ndoa na Joyceline wa Dindira, wakajaliwa watoto wawili, Catherine na Simeo.

Kazi yake ilikuwa kulijaribu jengo kwenye kompyuta kabla halijajengwa, na Mei 2023 akapewa wodi ya wazazi huko Handeni, yenye maji ya kupashwa moto na jua, na hapo ndipo Joyceline alipokiona cha mtema kuni, maana programu ya kompyuta kila ikiendeshwa ilitoa onyo kwamba maji ya bomba yamepita kiwango cha kuchemka, Deo akakagua mabomba, akakagua pampu, onyo liko palepale, wiki tatu chakula kinapoa mezani, na wenzake walipomsihi alizime tu wamalize kazi, alikuja juu, akasema onyo halizimwi, linaulizwa.

Akapanda basi hadi Handeni, akamwuliza muuguzi mkuu wa hospitali, mama Hajira, maji hutumikaje pale, naye akashangaa msomi mzima hajui kwamba kwao maji ni ya shida, kila mchana hufunga koki ili yabaki ya jioni. Kumbe onyo lilikuwa la kweli, ratiba ya maji iliyoletwa na hospitali na kuingizwa kwenye programu ilionyesha mchana hakuna anayefungua, na maji yangeshinda yamesimama kwenye mabomba juu ya bati yakichemka, na wa kwanza kufungua angemwogesha kichanga kwa hayo. Mchoro ukabadilishwa, na wodi ikajengwa.

Lakini jamani, Deo! Juni 2024 daktari alimwambia presha iko juu, akampa vidonge, yeye akajibu atavianza akimaliza mchoro, Joyceline akabembeleza, akagomba, akalia, na tarehe 9 Februari 2025 Deo akaanguka ofisini, akafariki siku ya pili yake, vidonge viko kabatini, havijafunguliwa.

Familia inawashukuru madaktari waliomwonya, majirani, wafanyakazi wenzake, na mama Hajira aliyefika na wauguzi wake. Joyceline ana ombi moja tu, kwamba mwenye vidonge nyumbani asiseme kesho, avinywe leo.

Pumzika kwa amani, Deo, mbishi wetu. Onyo lako tumelisikia sisi.