Sista Nyagai na Mpira wa Mwisho wa Dhieu

Wote mnaosimulia habari ya Sista Nyagai na Dhieu mnaikosea. Mnasema jenereta ilizimika. Jenereta yangu, mimi fundi wake hapa hospitali? Izimike? Ile inanitii kuliko watoto wangu!

Sista Nyagai anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na nane ya uuguzi. Kwanza alizalisha nusu ya mtaa wa Malakia; wengine leo wana ndevu na bado anawafokea. Halafu akaja kwetu, kwenye mashine za kusafisha damu. Huyu hasalimii kama watu. Ukiwa mgonjwa wake, anakushika mkononi, pale mshipa ulioungwa kwa ajili ya mashine unapovuma. Ukivuma, anasema, "Uko hai, kaa chini."

Siku moja mkono wa Dhieu, mgonjwa wetu wa mashine, ulinyamaza. Damu imeganda. Akawekewa mpira wa kupitishia damu shingoni, ukaziba. Upande wa pili, ukaziba. Kila ukiziba anaongezewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukabaki mpira wa pajani. Huo ukiziba, kalas, hakuna pahali pengine.

Daktari Lukudu akasema labda mwili wa Dhieu umetengeneza kingamwili za kupigana na hiyo dawa, na hizo ndizo zinagandisha damu. Damu ikapanda ndege kwenda Nairobi kupimwa. Mpaka jibu lirudi, heparini marufuku.

Basi Sista akasimama kwenye mashine akisukuma maji ya chumvi ili damu isigande, macho kwenye mrija. Damu ikianza kuwa nyeusi, dalili ya kuganda, anasukuma tena. Mikono yake haikutetemeka. Akamaliza. Sasa kufunga mpira, ambao siku zote hujazwa heparini usizibe, mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea, ukachukua sindano ya heparini. Ilishafika mdomoni mwa mpira, Dhieu akauliza, "Ya Sista, hiyo ni maji ya chumvi?"

Akaitupa. "Wewe mtu mbaya, unanifundisha kazi?" Halafu akatafuta kiti.

Jibu likarudi: kingamwili zipo. Dhieu akabadilishiwa dawa, na mpaka leo anakuja na kelele zake. Lakini Sista anaondoka, na mimi silali vizuri. Nyinyi wauguzi mnaobaki, mikono yenu pia ina mazoea. Kabla ya kufunga mpira wa Dhieu, mwacheni aulize kilichomo sindanoni.

Asante, Sista. Nenda nyumbani Kator ukalale mpaka jua likufukuze kitandani. Mungu akupe miguu isiyovimba tena.

Na lile la mikono kutotetemeka, nimeliweka mimi. Ilitetemeka tangu asubuhi, na hakuacha kusukuma.