Mume wa Mkandarasi

Benchi lile ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali ya saruji, ng'ambo ya njia kutoka lango la kiwanda, na kila anayekaa pale anajua matofali hayo yalikotoka. Mama wa kiwanda aliyatoa mwenyewe, akavuka nayo njia kwa toroli, akasema amechoka kuona wanaume wazima wamechuchumaa kama wanaotafuta sindano. Kahawa ni ya Shangazi: birika moja jeusi juu ya jiko la mkaa, na vikombe vidogo visivyo na vishikio. Hapo hukaa Waziri, aliyekuwa tarishi wa ofisi ya serikali mpaka akastaafu, na kwa kuwa alibeba barua za wakubwa anadhani alizisoma zote. Hukaa Saa Mbovu, fundi saa ambaye hajapata kufika mahali kwa wakati. Na hukaa Mume wa Mkandarasi. Jina hilo walimpa wao, mkewe alipoanza kufyatua matofali na kuomba kazi za serikali, huku yeye akiendesha lori la mke. Lilikuwa jina la utani. Sasa mkandarasi mwenyewe yuko kaburini tangu mvua zilizopita, na jina limebaki, maana hakuna aliyejua la kumpa badala yake.

Asubuhi hiyo alivuka njia suruali imelowa mpaka magotini.

— Umetoka kumwagilia tena, alisema Waziri.

— Nimetoka kumwagilia.

— Bwana wee, tofali likishakomaa limekomaa. Unayamwagilia yaote?

— Basi tu.

Saa Mbovu alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akakimeza kicheko pamoja na kahawa. Tofali bichi ndilo linalotaka maji, asubuhi na jioni, lisije likapasuka. Marehemu hakuruhusu mtu mwingine ashike mpira wa maji. Wengine wanamwaga, alikuwa akisema, mimi namwagilia. Rundo la mwisho alilofyatua bado liko uani chini ya turubai, limekauka zamani na kukaza kama jiwe, na mumewe huamka alfajiri kulinywesha. Anajua ni upuuzi. Hajui tu mikono yake aipe kazi gani saa hiyo.

— Tuyaache ya maji, alisema Waziri. Leo ndiyo leo. Anakuja?

— Anakuja. Walipiga simu. Mkaguzi anakuja kumwona mwenye kiwanda.

— Na wewe ukawaambia nini?

— Nikasema karibuni.

— Hukuwaambia kwamba...

— Nilisema karibuni, Waziri.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali imetenga sehemu ya kazi zake kwa biashara za wanawake, lakini haizigawi kama peremende. Lazima uwe na cheti, na cheti hakitoki mpaka mkaguzi aje aone kwa macho yake kwamba mwanamke ndiye mwenye mali na ndiye mwenye kauli, si jina tu limeandikwa langoni huku mwanamume anavuta kamba kwa nyuma. Marehemu aliomba mara ya kwanza akanyimwa. Akaomba tena, akaugua kifua, akaondoka kabla hajajibiwa. Ile njia ya kwenda zahanati inatakiwa kutandikwa matofali, na rundo la uani lilifyatuliwa kwa ajili hiyo. Bila cheti litabaki rundo, na kina mama wanaochanganya zege pale watarudi kukaa nyumbani. Lakini mume alikuwa na lake moyoni ambalo hakumwambia mtu. Alitaka serikali iandike, mahali popote, hata mara moja, kwamba kile kiwanda kilikuwa cha mkewe.

— Mimi serikali naijua, alisema Waziri. Serikali haina habari na kifo. Ina habari na kodi. Kodi ya kiwanda inalipwa?

— Nalipa mimi, kwa jina lake.

— Basi yu hai. Mwambie mkaguzi mama amesafiri.

— Amesafiri kwenda wapi? aliuliza Saa Mbovu.

— Semina. Pale ofisini kila mkubwa aliyetafutwa alikuwa semina, na hakuna aliyehoji. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Aliisema kwa kujiamini, kama kawaida yake, kisha methali yenyewe ikamrudia masikioni. Akainamia kikombe chake.

— Sikukusudia hivyo, ndugu yangu.

— Najua.

Saa Mbovu akaona aokoe jahazi.

— Semina ni uongo mfupi. Semina huisha, watu wakarudi. Dawa ni kuoa.

— Lini?

— Leo hii. Ukioa asubuhi, mchana kiwanda kina mwanamke. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

— Hiyo inakataza, alisema Waziri.

— Inakataza nini?

— Hicho hicho unachokisema.

— Basi, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Wewe leo ndiye wa kutufundisha habari za kuchelewa? Na nani atakubali kuolewa na mtu anayemwagilia mawe?

Tabasamu likamgusa mgane kwenye pembe ya mdomo, likaondoka. Waziri alipoliona akapata nguvu mpya, na Waziri akipata nguvu mpya hakuna wa kumzuia.

— Sikilizeni. Biashara si mtu. Biashara haifi. Kiwanda kina jina la mwanamke, kina buti za mwanamke, kina sepetu ya mwanamke. Mkaguzi akiuliza mama yuko wapi, mzungushe uani, mwonyeshe lile rundo, sema huyu hapa. Tofali na mwanamke ni kitu kimoja. Linatulia, linabeba nyumba, halisemi neno.

— Mke wangu alikuwa anasema.

— Alisema sana, alidakia Shangazi, ambaye kwa kawaida huuza kahawa yake na kunyamaza. Ninyi tu ndio hamkumsikia.

Mume wa Mkandarasi akazungusha kikombe kitupu mkononi, kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Shemeji yangu yumo ndani.

— Shemeji yupi?

— Mdogo wake marehemu. Amekuja tangu jana. Nimempa buti za dada yake.

Saa Mbovu akapiga paja.

— Sasa umesema. Wale wanafanana kama maji na maji. Ndugu ni kufanana si kufaana.

— Umeigeuza, alisema Waziri, lakini leo imekaa sawa. Mwambie aseme machache. Ndiyo, hapana, Mungu akipenda. Yeye mwenyewe amekubali?

— Amekubali kuvaa buti. Amesema, shemeji, nitasimama pale, lakini usiniambie nilitaje jina la dada yangu kuwa langu. Nitalia.

— Akilia, utamsemea wewe, alisema Saa Mbovu.

Hapo Shangazi akaweka birika chini.

— Kama mwaka jana, alisema.

Wote walikuwepo mwaka jana. Mkaguzi alikuwa dada mmoja kijana, akasimama palepale langoni na karatasi zake. Mama wa kiwanda alitoka na sepetu, saruji mpaka kwenye nyusi. Akaulizwa: mchanga na saruji mnavichanganya vipi? Bei anapanga nani? Wafanyakazi anawaajiri nani? Benchi lilikuwa limemkalia mume kwa utani tangu kulipokucha. Leo bosi wako anakaguliwa, kambebee mkoba. Uliza kwanza kama una ruhusa ya kunywa kikombe cha pili. Akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Mkewe alipofungua mdomo ajibu, mume alivuka njia mbio, akasimama mbele yake, akajibu yeye. Alijibu yote. La mchanganyiko alilikosea. Benchi likapiga makofi, na yeye akarudi kuketi kifua mbele, mwanamume kati ya wanaume. Ofisi ikaleta jibu lake: kiwanda kinaendeshwa na mume, cheti hakitolewi. Jioni ile mkewe hakugomba wala hakununa. Alisema neno moja tu, "Umenijibia," akachukua mpira wa maji, akaenda kwenye matofali yake.

Afadhali angemtukana. Tusi huwa lina mwisho wake.

— Tulikuwa tunatania, alisema Saa Mbovu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

— Najua mlikuwa mnatania. Aliyevuka njia ni mimi.

Aliyekuja alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Walimtambua kabla hajafika.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

— Naona mmekaa vilevile.

Akacheka kidogo, peke yake, kisha akamgeukia Mume wa Mkandarasi.

— Na wewe nakukumbuka, baba. Mwaka jana nilimuuliza mama, nikaandika majibu yako. Nilirudi ofisini bila raha. Nilimwona amefungua mdomo, nami nikaendelea kuandika. Ombi lake lilipokuja tena, niliomba nitumwe mimi. Leo sina haraka, nina siku nzima. Nimekuja kumsikia yeye mwenyewe. Yuko wapi?

Waziri, mwenye semina zake, alilitazama birika. Saa Mbovu aliiangalia saa yake ambayo haiendi. Jibu lilikuwa tayari, tena jepesi: yumo ndani. Shemeji alikuwa amevaa buti na kujifunga kitambaa cha dada yake, na kwa mbali hata mume wa marehemu alishtuka alipomwona alfajiri, akasahau kwa muda, akafurahi. Furaha ile ndiyo iliyomchoma kuliko msiba.

— Yumo... alianza Waziri, kwa wema tu, akamtazama mwenzake, akaacha.

Mume wa Mkandarasi alisimama.

— Hayupo, binti yangu. Tulimzika.

Yule dada hakusema pole. Alikaa kwenye ncha ya benchi iliyokuwa wazi, mkoba juu ya mapaja, akalitazama lango kwa muda mrefu. Kahawa aliyopewa na Shangazi aliishika bila kuinywa. Mwishowe, kwa kuwa kazi ni kazi na alitumwa aulize, akauliza kwa upole:

— Basi habari za kiwanda nimuulize nani, baba?

Mume akafungua mdomo. Mwaka jana majibu yalimtoka hata maswali hayajaisha, na sasa swali lilikuwa moja, na barabara nzima ilikuwa imemwachia nafasi.

— Mimi sijui, alisema. Aliyekuwa anajua ni yeye.

Waziri alikuwa na methali mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akabaki nayo. Shangazi aliinua birika awaongeze, likatoa matone na machicha, akalirudisha jikoni bila kusema kwamba kahawa imekwisha. Ng'ambo ya njia, nyuma ya lango, shemeji alikuwa ameshika mpira, maji yakigonga turubai. Mume wa Mkandarasi alisikiliza, na hata yeye asiyejua kitu alijua kwa kusikia tu kwamba huyo anamwaga, hamwagilii.