Mama Mwaga Anapoondoka Dirishani

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wajumbe wa bodi ya hospitali, wazee wetu wapendwa mlioketi mbele, wafanyakazi wenzangu, na wewe dada yetu mfamasia tunayekuaga leo, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika tano. Jamani, mtu kakaa dirisha la dawa miaka thelathini na moja, dakika tano zinatosha nini?

Nyote hapa mnamwita Mama Mwaga, na yeye anajua, msijifanye. Mzee akifika na cheti chake, hapewi hata kidonge kimoja mpaka amwage mezani kila dawa anayotumia nyumbani: za hospitali, za dukani, hata za kuomba kwa jirani. Foleni inanung'unika, sisi wakubwa tunakunja uso, naye wala hana habari. Je, ni wangapi kati yetu tuliomshtaki ofisini kwa sababu ya meza ile? Mimi nilimshtaki mara mbili.

Kisha ikaja zamu ya mama yangu. Alikuwa ameanguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kichwa kikimzunguka kila anapoinuka. Mimi, muuguzi mkuu mzima, nikasema ni uzee. Tukakaa kikao sisi wanawe, tukakubaliana ahame nyumbani kwake, aje akae kwangu. Mama alilia siku mbili. "Mnanizika na macho yangu yako wazi," alisema.

Nikamleta kuchukua dawa. Akaambiwa, "Mwaga hapa, mama. Zote. Na za kwenye mkoba." Nikapandisha sauti: "Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, bosi. Ndiyo maana nataka uone mwenyewe."

Nikaona. Dawa ya presha niliyompelekea mimi, vidonge vyeupe. Dawa ya presha aliyompelekea kaka yangu kutoka kliniki nyingine, vya rangi ya waridi. Majina mawili, dawa ile ile, na mama alikuwa akimeza zote. Kwa nini, mama?

"Nikiacha za huyu atanuna, nikiacha za yule atasema sijali jasho lake."

Daktari akaitwa palepale, akampima, akakuta presha imeshuka mno, akabakiza moja. Huu ni mwaka wa nne, hajaanguka tena. Yule pale, kiti cha pili. Bado anaishi kwake, na bado ananifokea nikichelewa kumtembelea.

Vijana mnaorithi dirisha lile, msiogope foleni wala cheo cha mtu. Mzee aulizwe, tena kwa heshima, anameza nini, saa ngapi, na nani kampa. Mnaweza. Nasema hivyo kifua mbele, maana mmefundishwa na huyu.

Dada, siku ile niliondoka bila hata asante. Niliona aibu, na aibu ikawa miaka minne ya kukupita kwenye korido kama sikuoni. Leo, mbele ya wakubwa wangu na mbele ya mama yangu mzazi, nasema nilikosea. Nisamehe. Na asante kwa kunirudishia mama yangu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.