Mwalimu Methodius na Njia ya Kisimani

Ndugu waombolezaji, tunaomba minong'ono ipungue. Anayelazwa hapa ni baba yetu, Mwalimu Methodius Andrea Chilumba, na maisha yake tunayasoma wenyewe kabla wengine hawajatusomea ya kwao.

Baba alizaliwa Narung'ombe, Ruangwa, tarehe 14 Machi 1951. Alisoma hukohuko, akahitimu ualimu, na mwaka 1973 akapangiwa Nachingwea kufundisha hisabati. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka: hata jibu likiwa sahihi, aliuliza, "Nani kakuonyesha?"

Mwaka 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Valeria, baada ya kuwachunguza wakwe mwaka mzima. Mama anasema nao walikuwa wakimchunguza.

Alistaafu mwaka 2011, akahamia Likunja kulima korosho. Mwaka uliofuata ukaja ujumbe wa maofisa kuomba ardhi ya kujenga chuo kikuu cha umma. Kijiji kilishangilia. Baba akasimama mkutanoni: "Na njia yetu ya kisimani na mashambani?" Akajibiwa, "Mwalimu, njia haiguswi." Hakuketi mpaka waliporudia mbele ya wote.

Chuo kilianza mwaka 2015 katika madarasa ya kuazima. Leo kina mabweni, maabara na wanafunzi wa kila mkoa, akiwemo mjukuu wake, Sofia. Baba alikipenda chuo, jamani, asisingiziwe. Ila uzio ulipojengwa, njia ikawekewa geti, na geti likaanza kuchelewa kufunguliwa.

Tangu hapo alipita kila asubuhi na ndoo tupu. Kisima kilishakauka, na maji ya bomba yalishafika kijijini. Mlinzi, Jastin, alimuuliza, "Mwalimu, unakwenda kuteka nini huko?"

"Fungua, bwana. Napita."

Mama akashuku kuna mwanamke. Siku moja alimfuata kimyakimya, akamkuta amekaa ukingoni mwa kisima, anasikiliza mhadhara kupitia dirisha la darasa na kutikisa kichwa kwa kutokubaliana. Mama alicheka mpaka akajulikana yupo.

Mwezi Mei 2024 miguu ilianza kuvimba, kisha moyo ukachoka. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti. Aliagiza azikwe hapa shambani kwake, ng'ambo ya geti. Tulidhani ni kwa mapenzi ya mikorosho. Padri alipomuuliza sababu, alisema, "Njia ya maji wanaweza kuifunga. Ya kaburini wataona haya."

Leo chuo kimeleta shada kubwa la maua, na tunakishukuru kwa dhati. Ofisa wao ametuambia geti litakuwa wazi "kwa leo". Hilo "kwa leo" tumelisikia.

Ameacha mjane, Valeria. Watoto watatu, Doreen, Dickson na Brighton. Wajukuu, na ndoo. Kesho asubuhi, kama ilivyo desturi, tutakuja kuangalia kaburi. Keshokutwa pia, na siku zitakazofuata. Ndoo nitaibeba mimi, Doreen, binti yake.

Pumzika kwa amani, Baba. Geti tutaliangalia sisi.