Pasi Ambayo Mnara Hakupewa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, nyamazisheni hizo sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka Posta.

Posta alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ghalani. Jioni alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, yule anayeleta mpira mbele na kuamua apewe nani. Waliomwita Posta walisema kila mzigo wake unafika. Mfupi, mpole, macho hayatulii. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mbili.

Ila kuna mmoja aliyezoea kusema, "Kwangu barua hazikufika." Huyo ni Mnara, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyecheza naye miaka sita, yeye akisimama chini ya kikapu. Na Mnara, niseme ukweli, alimshuku Posta kwa miaka thelathini na moja.

Ilianza msimu wao wa mwisho. Posta akija na mpira kutoka kushoto kwa Mnara, hampi. Anadunda mara mbili, anazunguka hadi kulia, ndipo anampa. Wengine anawapa popote, tena bila kuwatazama. Mnara akajiuliza, huyu jamaa ananizungusha ya nini?

Ikaja fainali. Zimebaki sekunde nne. Narudia, sekunde nne, na wako nyuma kwa pointi moja. Posta ana mpira, yuko kushoto kwa Mnara. Mnara yuko peke yake chini ya kikapu, mkono juu, hakuna wa kumzuia. Posta akamtazama, tena akamtazama vizuri tu. Kisha akampa mwingine, kule mbali pembeni. Yule akarusha, mpira ukagonga chuma. Kwisha habari.

Miezi miwili baadaye Posta akaoa. Akamwoa nani? Binti wa kocha wa timu iliyowafunga. Hapo Mnara akaona mambo yote yamejipanga. "Ametuuza kwa baba mkwe," aliwaambia wenzake. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Posta alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Niliamua." Sasa unaamuaje kumnyima mtu aliye wazi?

Tangu hapo kila kitu kilimtia Mnara wasiwasi. Wakikutana kwenye harusi, Posta anazunguka, anatembea upande wa kushoto wa Mnara. Anavizia nini? Mnara akienda kwa kina Posta, mara moja moja, anawekewa kiti kilekile, ukuta ukiwa kushoto kwake. Kwa nini kile? Mke wa Posta akileta chai anawapita watu wote kwa nyuma, ndipo ampe. Siku moja Mnara aliinusa kwanza ile chai. Ndiyo, wapendwa, aliinusa.

Wiki iliyopita alikwenda msibani. Hakwenda kulia. Alikwenda, kwa maneno yake mwenyewe, "kuchunguza". Nyumba ilijaa. Mjane alipomwona alimwomba dada yake ahame kwenye kile kiti cha ukutani. Akaleta chai, akazunguka kwa nyuma kama kawaida.

Uvumilivu ukamwishia. "Shemeji, mbona mimi kila siku unanizunguka?"

"Si jicho lako, shemeji?" mjane akasema taratibu. "Marehemu aliniambia kabla hajanioa. Huyu mpe kwa kulia, kushoto haoni. Na usimwambie mtu."

Mnara hakuwahi kumwambia mtu. Cheche ilimwingia jichoni kazini, mwanzoni mwa msimu ule. Akaficha, maana angetolewa timuni. Alidhani siri ile ni yake na daktari wake tu. Posta aliigundua kwa pasi mbili zilizompita Mnara begani, kushoto.

"Na fainali?" akauliza.

"Alisema ungepigwa na mpira usoni, watu wote wakajua huoni."

"Sasa mbona hakunieleza?"

"Alisema ungedhani anasingizia jicho lako."

Mnara aliweka kikombe chake chini. "Na kweli," akasema, "ningedhani hivyo." Hapo ndipo alipolia, mbele za watu, bila kujificha.

Kwa mjane na watoto wa Posta, poleni sana. Tunaumia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, tujiulize leo: yupo mtu tunayemnusia chai yake? Tumuulize angali anaweza kujibu.

Mnara yuko nami hapa studio, wasikilizaji. Ameomba maji. Nimezunguka meza, nimempa kwa kulia.