Sospeter Machibya na Kiganja cha Tata Rugaibula

Baba Paroko, wenyeji wetu wa Maruku, nanyi mliovuka ziwa kutoka Bumbire, familia imenituma mimi, Jenifa, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa marehemu alipenda kucheka, atakayecheka asijizuie.

Sospeter Machibya alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika kisiwa cha Bumbire, wilaya ya Muleba, mtoto wa kwanza wa mzee Mayenga Machibya, mvuvi wa dagaa aliyetoka Usukumani, na mama Getruda. Alisoma shule ya msingi kisiwani kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari Kahororo hadi mwaka 2004, kisha akajifunza kusanifu kurasa kwa kompyuta jijini Mwanza, na Mei 2007 akaajiriwa Bukoba mjini katika jarida la wakulima wa kahawa na migomba.

Kazi hiyo aliipenda, angeweza kukaa asubuhi nzima akisogeza picha moja ili mkunjo wa katikati usipite usoni mwa mtu, na wavuvi walipompoteza mwenzao ambaye hakuacha picha ila ile ya kundi, Sospeter alimtoa taratibu katikati ya wenzake, akamrudishia mwanga usoni, akampelekea mjane picha ya mumewe peke yake, wala hakumsimulia mtu.

Mwezi Juni 2012 alisanifu kurasa mbili zinazotazamana kuhusu shamba la mzee Rugaibula wa hapa Maruku, ambaye sote tunamwita Tata, yaani baba, picha moja ikijaza kurasa zote mbili, mzee akimnyooshea mgeni mkono, na kaka yetu, ambaye miaka yote ya Bukoba aliishi chumba cha kupanga na hakuwahi kukaribishwa sebuleni kwa mkulima, aliona punje za kahawia kiganjani akadhani ni udongo, kwa kompyuta akanakili ngozi safi ya pembeni akazifunika moja moja mpaka kiganja kikang'aa, akaihifadhi juu ya picha ya awali, na ya awali ikafutika. Kumbe zile zilikuwa akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya humkaribishia mgeni, na nakala ya kukagua ilipofika Maruku, mzee alijiona ameketi mlangoni kwake akinyoosha kiganja kitupu, akapanda pikipiki hadi ofisini, akauliza mbele ya wote, "Kijana, umeniona wapi nikiomba?"

Jarida lilikuwa liingie mtamboni kesho yake, mhariri akashauri liende hivyo hivyo, lakini Sospeter alisema hawezi kumwaibisha mzee mlangoni kwake, akaomba mtambo usubiri, akaazima kamera, akaja hapa kupiga picha upya. Tata alikataa kupigwa picha kabla mgeni hajatafuna, akamwita binti yake Annastella alete akamwani, kaka akazimeza punje nzima nzima kwa maji, Annastella akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Tata, mgeni wako anakunywa vidonge!", mzee naye akaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichochapwa.

Alipoleta posa ya Annastella mwaka 2013, baadhi ya ndugu waliuliza mtu wa visiwani, asiye na kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, atamweka wapi binti yao, Tata akajibu kwamba aliyesimamisha mtambo kwa ajili ya heshima ya mzee asiyemjua ataiweka pia heshima ya mke, wakafunga ndoa tarehe 27 Septemba 2014, wakabarikiwa watoto wawili, Rose mwaka 2015 na Rwekaza mwaka 2018.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Bukoba akiwatania wauguzi kuhusu rangi ya mapazia, akafariki dunia Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, akiwa na miaka thelathini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemletea Annastella kiti na chai bila kuombwa, majirani waliowaogesha watoto wetu siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake waliosanifu ratiba hii ya mazishi. Na wewe Tata Rugaibula, ulipotusikia tukijiuliza tutamzika wapi, maana kisiwani tunaishi kambi ya wavuvi tu, hatuna ardhi yetu, ulimshika baba yetu mkono ukampeleka katikati ya migomba, ukamwonyesha nafasi kando ya kaburi la mama yako, ukasema, "Mtoto wangu analala kwangu."

Pumzika kwa amani, kaka Sospeter, uko kwenu.